Tela la Jeshi pale Makambako

Juma lililopita, nikingoja lori la kwenda Njombe, niliketi na wanaume wengine kwenye kibaraza cha karakana moja ya Makambako. Mbele yetu fundi alikuwa akifufua tela la jeshi, lile la kubebea magari yaliyoharibika vitani. Kutu alikwisha kuikwangua; sasa alikuwa akipaka rangi.

Mama mmoja mwenye tenga la viazi akalizunguka mara mbili.

“Kamwene, fundi. La nini hili?”

“Kamwene, mama. La kubebea malori yanayoharibika njiani.”

Mama akaushika mnyororo wa tela, akaupima uzito kwa kiganja. “Gari bovu nalo mnalifunga minyororo? Litatoroka?”

Tukacheka. Yeye hakucheka.

“Na mbona unalipaka rangi ileile ya vita?”

“Ndiyo niliyopewa, mama.”

“Mwanangu naye aliambiwa anakwenda kubeba mizigo tu,” akasema, akajitwika tenga lake. “Mpaka leo hajarudi.”

Hakuna aliyecheka tena. Fundi alikuwa bado anaapa kwamba ni la malori tu, alipofika Mzungu wa bomani, yule anayeandikisha watu wa jeshi. Akaligonga tela kwa fimbo yake, akauliza, “Fundi, hapa watakaa watu wangapi?”

Namwamini fundi yule, wasomaji. Lakini kabla hajajibu, kila mwanaume pale kibarazani alikumbuka kwamba ana shamba la kupalilia. Nami, nisiye na hata tuta moja, nikaondoka nao.