Mabenchi Yaliyopanda Treni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama mbele ya wazee wa kanisa letu, huku kwetu Sikonge, njia ya Ipole, nikasifia mabenchi ya Dar es Salaam kana kwamba nilizaliwa juu yake. Mimi, ambaye safari yangu ndefu kuliko zote iliishia stesheni ya Tura, hata nusu ya njia ya Dar sijafika, nikateremka kwa kukumbuka ugali wa mama! Lakini nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na msomi haulizwi ameona wapi.

Kanisa lilitaka mabenchi mapya. Jirani na kanisa palikuwa na karakana ya fundi Masanja. Alianza peke yake na randa moja. Siku hizo alikuwa na vijana wa kupasua mbao, wa kupiga randa na wa kupaka vanishi, mmoja wao mdogo wangu Kulwa. Mama mmoja mjane alilea wanawe kwa uji aliowauzia vijana hao. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe naye alipata chake. Masanja alikwisha kusema: akiipata kazi ile ataongeza vijana, akiikosa atawapunguza.

"Ya Dar yanang'aa," nikasema. "Tusikae kishamba."

Shangazi yangu Nyamizi, mkulima wa karanga asiyejua kunong'ona, akainuka.

"We mwana, hayo ya Dar ni ya mti gani?"

"Mninga, shangazi."

"Mninga unaota Kariakoo?"

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

"Babu zetu walibeba mizigo ya watu hadi pwani, lakini walidai ujira. Ninyi mnapeleka mti wenu pwani, unarudi benchi, na nauli mnalipa ninyi! Kisha Jumapili mnapiga magoti: 'Ee Bwana, wape vijana wetu kazi.' Kazi si hiyo hapo nje, inanuka vanishi? Mnamsumbua Mungu bure."

"Mama, kaa," mzee mmoja akamwambia.

"Nikae kwenye benchi la nani?" Akatoka.

Tulipiga kura, mng'aro ukashinda. Mabenchi yakaja kwa treni, na haikupita muda treni ikamchukua Kulwa kwenda Dar kutafuta kazi, maana Masanja aliwapunguza kweli. Yule mjane akaanza kuja kwetu kuomba unga. Krismasi iliyofuata Kulwa alikuja likizo, akaketi kanisani, akapapasa benchi. "Kaka," akaninong'oneza, "mabenchi kama haya ndiyo ninayopaka vanishi huko." Akarudi Dar. Siku mama yetu alipozikwa, Kulwa alikuwa bado njiani.

Hasira hiyo haijanitoka, mwanangu, na nusu yake ni yangu mwenyewe. Leo naona sare za shule zinaagizwa mbali, mafundi cherehani wa mtaani wanapiga miayo. Asali ya Sikonge ipo, mezani naona chupa ya ng'ambo. Halafu mtu ananiuliza, "Mzee, ajira ziko wapi?" Naishika fimbo yangu kwa mikono miwili, isije ikajibu yenyewe.

Basi sikiliza. Ukiwa na cha kununua, anzia kwa jirani. Akikosea, mrudishie arekebishe, usimkimbie. Na wewe mwenye ufundi, fanya kazi safi, timiza siku uliyoahidi, usiwape wasomi kama mimi kisingizio. Mcheza kwao hutuzwa, lakini atatuzwa na nani kama kwao wote wanatazama reli? Karakana moja ikikua, hata muuza uji anapeleka mtoto shule. Ikifa, haifi peke yake.

Mungu akujalie kazi itakayokuzidi mikono, hadi ulazimike kumwita mwenzako. Na akupe majirani wasioona haya kuketi juu ya kazi hiyo.