Kamera ya Helmeti na Kiwiko cha Mzee Kibwana

Iko siku moja kule Kerege, mwanangu, ambayo kila nikivaa helmeti hunirudia.

Nilikuwa kijana wa bodaboda, wa kwanza kijiweni kwetu kufunga kamera. Nilizijaribu zote. Ya utosini iliona mbali, ila ilishika upepo, shingo ikaniuma. Ya pembeni ilikuwa nyepesi, lakini helmeti yenyewe ilikula sehemu ya picha. Nikatulia na ya kidevuni, inayotazama kule unakotazama. Kadi ikijaa, ilifuta picha za zamani ili iweke mpya. Hivyo likitokea jambo, unaizima mapema, picha isifutwe.

Asubuhi hiyo nilimpita Mzee Kibwana, aliyepakia matenga ya mananasi kwenye baiskeli. Akaanguka, kiwiko kikateguka. Alisema nimemgusa. Nikaizima kamera, nikawaonyesha watu: baina yetu palionekana nafasi ya kulaza mkeka. Wenzangu wakacheka, wakamwambia macho yake yaombewe pensheni. Yeye aliokota mananasi kwa mkono mmoja.

"Haya, wajukuu. Kamera imeona, na mimi nimeguswa."

Alasiri niliipeleka picha kwa Bwana Seif, mpiga picha mkongwe wa Bagamoyo mjini, nikitaka sifa. Aliitikia shikamoo yangu, akaitazama mara mbili. Kisha akanisimamisha ukutani, akashika kamera ileile, akasogea hadi vidole vyake vikagusa bega langu, akapiga. Pichani nilionekana niko hatua tatu mbele yake.

"Lenzi hii ni pana," akasema. "Ili ibebe barabara nzima, husukuma kila kitu mbali. Lakini wewe ulikuwepo, bwana mdogo. Mkono wako ulihisi nini?"

Ulihisi, mwanangu. Usukani ulishtuka kidogo wakati nampita. Nilijua tangu pale pale, nikajificha nyuma ya picha.

Kesho yake nilimwita Mzee Kibwana kijiweni, nikakiri mbele ya wale waliomcheka kwamba nilimgusa. Hakunikumbatia.

"Basi tafuta tenga," akasema, "langu umelivunja."

Nikambebea mananasi sokoni mpaka mkono wake ukapona.

Nunua kamera, mwanangu, ni kinga njema. Ijue lenzi yake kabla hujaitegemea. Na lile ulilolihisi mwenyewe, liseme hata kama picha inakutetea, maana njia ya mwongo ni fupi, na mficha maradhi kilio humuumbua. Mola akulinde barabarani, akupe ulimi mkweli, na kila jioni akufikishe kwenu ukiwa na uso usioogopa kutazamwa.