Mechi Nne za Badr

Badr Marhoon alikwenda Kanada kusomea miamba, si mpira. Kwao Al Amerat, karibu na Muscat, alijulikana kwa mbio tu. Mwaka wake wa kwanza chuoni, alikuwa akipita pembeni ya uwanja pale mpira wa umbo la yai uliporuka uzio. Aliukimbilia, akaudaka kwa mkono mmoja, mkoba wa vitabu ukiwa mkono wa pili. Kocha akamwita hapo hapo.

Akapewa kazi ya mdakaji, yaani yule anayechomoka mbele kuufuata mpira anaorushiwa kutoka nyuma, huku mabeki wakimwandama. Kilichomteka ni kwamba kwa sheria za Kanada, mdakaji huruhusiwa kuanza mbio kabla mpira haujaanzishwa. Akifika kwenye mstari mpira unapoanzishwa, huwa ameshakolea kasi. Kwa mtu wa mbio, hakukuwa na raha kuliko hiyo.

Alipotimia miaka ishirini na minne, shahada mkononi, timu ya kulipwa ya mji mmoja wa magharibi ikamsajili. Wiki saba alifanya mazoezi na kutazama wenzake wakicheza. Wiki ya nane mdakaji mmoja akaumia bega, Badr akaambiwa avae jezi.

Kule jioni, Muscat alfajiri imekwisha na jua linachomoza. Mama yake, Bi Shariffa, alikaa mbele ya televisheni na birika la chai, na dada yake Wijdan, aliyezisoma sheria zote mtandaoni, akimfasiria. Mechi ya kwanza mpira ulimponyoka Badr mara mbili.

Mechi ya pili, timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi nne, zimebaki sekunde arubaini. Badr alianza kukimbia, akampita beki wa kwanza, akageuza shingo. Mpira ulikuwa juu ya bega lake la kushoto, mbali kidogo. Akajinyoosha mpaka vidole vikaugusa, akauvutia kifuani, akakata mbuga. Hakusikia kelele za watu elfu ishirini. Alisikia pumzi zake tu, mpaka alipovuka mstari wa mwisho na wenzake wakamwangukia. Pointi sita.

Simu ya nyumbani ilimkuta bado na jezi. Sauti ya mama yake ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele.

"Mwanangu, nimeruka mpaka chai imemwagika zuliani. Hebu nambie, wale waliokuwa wakikukimbiza, mna ugomvi gani?"

Badr alicheka mpaka akakaa chini.

Mechi ya tatu alidaka mipira mitano. Ya nne, alitua vibaya na goti likalia. Daktari alimweleza bila kuzunguka: kano zimekatika, atatembea vizuri, lakini kasi ile hairudi. Timu ikamuaga kwa heshima.

Alirudi na fimbo ya kutembelea, akiwaogopa watakaomuuliza. Wijdan alimpokea uwanja wa ndege, lakini hakumpeleka nyumbani. Alimpeleka kwenye uwanja wa nyasi bandia wa kukodi pale Al Amerat, ambako wanawake kumi na wanne, majirani na wenzake wa kazini, walikuwa wakirushiana mpira wa yai na kuuangusha.

"Tulikuwa tukikutazama sote," Wijdan alisema. "Sheria tunazijua. Kudaka ndiko kunakotushinda."

Badr aliomba kiti. Baada ya dakika kumi alikisahau, amesimama kwa fimbo, akiwaonyesha namna ya kufungua viganja.

Siku hizi hupima miamba katika milima ya Qurayyat, na kila Jumanne jioni anafundisha. Mwaka jana aliwapeleka Dubai kwenye mechi yao ya kwanza ya ugenini, ile ya kunyang'anyana utepe kiunoni badala ya kuangushana. Dakika ya mwisho walikuwa sare. Badr alipaza sauti kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao, wapinzani wasielewe: "Wijdan, kata kushoto, kisha nyooka!"

Wijdan alikata kushoto, akanyooka. Mpira ulipomfikia hapakuwa na mtu karibu naye, na Badr, pamoja na goti lake bovu, alikuwa ameshaanza kukimbia sambamba naye pembeni ya mstari.