Nembo Mpya Kwenye Mabati

Wiki ile kampuni ya simu ilipobadilisha nembo yake, hakuna mtu Nyeri nzima aliyefurahi kunishinda. Watu waliichukia, na kila aliyeichukia nilimpenda papo hapo. Mjini walisema inafanana na avokado iliyokatwa. Nilipoteremka Wang'uru kuandika bango la kinu cha mpunga, wauza mchele walisema ni chenga, punje iliyovunjikia mashineni. Mzee mmoja wa kanisa alionya kwamba ukiigeuza juu chini utaona nyoka. Niligeuza simu yangu mara tatu, nyoka sikumwona, lakini nilimwambia mzee nimemwona.

Nembo hiyo ilichorwa na rafiki yangu. Tulikaa dawati moja shule ya msingi, tukajifunza kushika brashi kwa fundi mmoja, na mkono wangu ndio uliokuwa mzuri. Sijisifu, fundi mwenyewe alisema hivyo mbele yetu sote wawili. Herufi zake zilikuwa zikiyumba kama watu wanaotoka arusi. Lakini yeye alienda Nairobi akasomea kuchora kwa kompyuta, mimi nikabaki huku nikiandika majina ya hoteli na bucha, na nyuma ya malori, "Mwenye wivu ajinyonge". Maneno hayo nimeyaandika mara nyingi mno, kwa rangi nyekundu, bila kufikiri kwamba yananihusu.

Miezi michache kabla nembo haijatangazwa, alinitumia mchoro kwa simu. Aliandika, "Angalia na hiyo jicho yako uniambie ukweli." Niliona kosa kabla chai yangu haijapoa. Herufi zilikuwa nyembamba kupita kiasi. Kwenye kioo cha simu zilipendeza, lakini huku kwetu maduka mengi ya mawakala wa simu ni ya mabati, na herufi nyembamba ukiipaka kwenye mabati, ile migongo ya bati inaikatakata. Mtu aliye ng'ambo ya barabara haoni neno, anaona mikwaruzo. Sentensi moja tu ingetosha kumwokoa. Nilimjibu, "Iko sawa kabisa. Hongera sana." Nilitaka aanguke, tena aanguke mbele za watu.

Basi asubuhi moja redio ya huku kwetu ikawaalika wasikilizaji wapige simu watoe maoni kuhusu nembo hiyo. Niliteremka kwenye ngazi, nikapiga. Nilikaza sauti kama mzee, na mtangazaji aliponiuliza natoka wapi, nikasema Kagio, mkulima wa nyanya. Nilikuwa nimepanga kucheka tu kama wengine. Lakini nilipoanza habari ya migongo ya mabati, ufundi ulinipanda kichwani, nikasahau kumdhihaki mtu. Nilieleza unene wa herufi unaofaa, nafasi ya kuacha kati yao, na rangi inayobaki kuonekana ukungu ukishuka. Mtangazaji aliniacha niseme hadi mwisho. Nilipokata simu nilirudi juu ya ngazi, na siku nzima sikujua kama ninachoona ni aibu au utamu.

Jumamosi hiyo mama yake rafiki yangu akaniita. Ana kioski cha kutuma pesa kwa simu pale Ruring'u, cha mabati pande zote, na alitaka nimwandikie nembo ya mwanawe. Wapaka rangi wa kampuni walikuwa hawajafika kwake na hakutaka kuwangoja. Mama huyo amenilisha tangu nikivaa kaptula. Siku ambazo mama yangu alikuwa akichuma kahawa mashamba ya mbali, githeri yangu, mahindi na maharagwe, ilikuwa kwake, meza moja na mwanawe. Kwa hiyo sikuweza kukataa. Nilipanda ngazi, naye akakaa chini kwenye kiti akichambua maharagwe. Migongo ya mabati ikaanza kuzimeza herufi, moja baada ya nyingine, vile nilivyojua. Nilipaka nikiona raha, na nikijichukia kwa hiyo raha.

"Kwani Kagio ulihamia lini?" akaniuliza bila kuinua macho.

Niliendelea kupaka. Nilidhani atanigombeza, na nilikuwa tayari kugombezwa. Ningekasirika, nikashuka, nikaenda zangu.

Hakunigombeza. Alisema mwanawe husikiliza redio yetu kila asubuhi huko Nairobi, kwa sababu anapakumbuka nyumbani. Tangu watu waanze kumcheka alikuwa hali chakula vizuri, hapokei simu. Kisha siku ile ya maoni redioni alimpigia mamake akiwa amechangamka. Alimwambia kwamba kati ya watu wote waliosema, ni mkulima mmoja tu wa Kagio aliyeitazama kazi yake kama fundi. Wakubwa wake walikuwa wamekubali anenepeshe herufi za kupakwa madukani, wakamruhusu atafute mtu wa kumsaidia, na sasa anamtafuta huyo mkulima. Redioni wamemwambia hawana namba yake.

"Mimi nilijua sauti yako hata kabla useme hiyo maneno ya nyanya," mama alisema. "Yeye hakujua. Anauliza kila mtu. Nimwambie ni wewe?"

Tangu utotoni nimetamani watu waseme mkono wangu unaushinda wake, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akilisema hilo kwa kila aliyetaka kusikia. Lakini kumwambia kwamba ni mimi kulikuwa pia kumwambia kwamba nililiona kosa zamani, nikampa hongera. Mama alingoja, mikono imetulia juu ya maharagwe.

"Mwambie huyo mtu hajulikani, Mama," nilisema.

"Haya," alisema, akaendelea kuchambua. Saa ya chakula ilipofika hakuniita ndani. Alikileta kwa sahani iliyofunikwa, akakiweka chini ya ngazi, jinsi anavyomwekea fundi yeyote aliyekuja kufanya kazi.