Vikombe Viwili Vilivyorudi Vimejaa

Miaka ile ya ujamaa nilikuwa mpokea mizigo katika bohari moja ya mazao mjini Tarime. Kabla ya hapo nilikuwa nauza mbuzi minadani huko kwetu Nata, na kazi zote mbili zinataka tabia moja: usiamini hesabu ya mtu yeyote, hata yako mwenyewe. Gunia likishuka kwenye lori nalihesabu, likivuka mlango wa bohari nalihesabu tena. Wachukuzi walinicheka. Walisema siku nikioa nitamhesabu bibi harusi mara mbili, nihakikishe ni mmoja.

Chai ya saa nne pale ilinywewa kwa madaraja. Meneja na makarani walikunywa ofisini, vikombe vya udongo, mlango umefungwa. Wachukuzi walikunywa nje wakiwa wamekalia magunia, makopo mkononi. Fundi wa lori, Mjaluo wa kutoka Shirati, alikunywa peke yake chini ya lori lake, akidai huko ndiko kuna ubaridi. Mlinzi, mzee wa Kikurya wa Kemambo, alipelekewa chai yake langoni. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi niliyekuwa nje na wachukuzi niliona ndivyo dunia ilivyopangwa, kama vile mahindi huku na ulezi kule.

Kisha akaja meneja mpya, kijana wa upande wa Bukoba, ametoka semina moja kwa moja. Siku ya pili akaagiza mafundi waunganishe mbao, ikapatikana meza ndefu ya kuwatosha watu wote, na mabenchi mawili. Akatukusanya.

"Ndugu zangu, kuanzia leo hapa hakuna chai ya bwana na chai ya kuli. Meza moja, birika moja, vikombe vya aina moja. Asiyekuja mezani anajitenga na wenzake, na anayejitenga nitamwandika."

Wachukuzi walipiga makofi mpaka vumbi la pumba likatoka mikononi. Nami nilipiga. Lilikuwa jambo jema na ninasema hivyo hadi leo. Fundi alitoka chini ya lori, akakaa katikati ya Wakurya wawili, akasema, "Sasa nisogezeeni mihogo, ndugu zangu wa semina."

Kasoro ilikuwa moja tu. Karani wetu wa mizani, mwanamke wa kwanza kuajiriwa pale, alikuwa ameolewa na mtoto wa yule mzee mlinzi.

Kwa Wakurya baba mkwe na mkamwana hawakai pamoja, hawatazamani usoni, na kula mbele ya mwenzako ndiyo mwiko kabisa. Wenyewe huiita ensoni. Si ugomvi. Ni heshima iliyozidi kipimo. Hawa wawili walikuwa wamekwisha kuizoea kazini bila kumsumbua mtu. Asubuhi mama yule akikaribia lango alikohoa, na mzee papo hapo alikumbuka jambo la haraka nyuma ya kibanda. Yeye alipita, mzee alirudi, kazi ikaendelea.

Sasa meza. Siku ya kwanza mama alifika, akaona mkwewe yuko kwenye benchi, akageuka. "Nimesahau kufunga mizani." Siku ya pili akasahau tena. Siku ya tatu mizani ile ilikuwa imefungwa kuliko benki, na meneja akaniita.

"Huyu karani anajiona nani? Yuko kwenye majaribio. Mwisho wa mwezi ndiyo natoa neno langu kama athibitishwe au aende. Mtu asiyekaa na wenzake nitamthibitisha vipi?"

Nikamweleza habari ya mkwe. Alinisikiliza vizuri, hakuwa mtu wa dharau.

"Mila naiheshimu," akasema, "nyumbani. Hapa ni kazini. Leo utaniambia mkwe hakai na mkwe. Kesho Mkurya hakai na Mjaluo. Kesho kutwa karani hakai na mchukuzi, na meza yangu imekwisha."

Maneno yake yalikuwa na uzito halali.

Lakini kwa mama yule, kuondolewa kazini kulikuwa na maana moja. Mumewe alikuwa askari kambi ya mbali, fedha zake zilifika zikipenda. Bila mshahara wa mizani angefungasha chumba chake cha mjini, arudi Kemambo kulima shamba la mama mkwe, na hesabu zote alizosoma zingebaki za kuhesabia kuku. Nikajipa udalali bila kuombwa.

Nilianza kwake. "Mama, wewe simama, uwamiminie wenzako chai. Aliyesimama hajakaa, anayemimina hanywi. Meneja atakuona mezani, mkweo hatakuona ukila."

Akaniangalia kama gunia lenye mchanga ndani. "Kaka, mimi nimeajiriwa karani au mpishi?"

"Karani."

"Basi mimina wewe."

Bei imekataliwa. Nikaenda langoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe Mnata ukinisalimia mara ya pili kwa siku moja una unachouza."

"Nilikuwa nafikiri, mzee, labda chai yako iletwe huku langoni kama zamani..."

"Miaka yote nimekunywa chai na kufuli," akasema. "Kufuli halina hadithi. Leo nimeitwa mezani, nimekaa na makarani, wananiuliza habari za mvua. Halafu unirudishe hapa?"

"Basi mkamwana wako atapoteza kazi."

Akashika fimbo yake, akaitazama ncha yake. "Kazi yake asipoteze," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja dawa ya siri. "Mwambie aje. Mimi nitakaa nimewapa mgongo. Mlinzi akiangalia lango nani atamlaumu?"

Kesho yake ikawa hivyo. Mzee alikaa mwisho wa benchi, uso langoni, kikombe mkononi. Mama alikaa mwisho mwingine, nyuma ya bega la fundi, naye fundi alikuwa na bega la kutosha kuficha ng'ombe. Meneja akahesabu vichwa, akatabasamu. Nilijisifu moyoni. Mapatano ya bei ya chini namna ile sikuwahi kuyapata hata kwenye mbuzi kilema.

Vikombe vile vya aina moja, vya bati, vilikuwa na tabia ya kupotea, kwa hiyo baada ya chai nilivihesabu. Idadi ilikuwa sawa. Nikahesabu tena, ndipo nikaona: viwili vilikuwa vimejaa hadi mdomoni, chai imepoa, utando wa maziwa juu. Kimoja mwisho huu wa meza, kimoja mwisho ule.

Siku iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata. Kwenye meza ya usawa, watu wawili walikuwa wakikaa na njaa yao kwa adabu kubwa, kila mmoja akijua mwenzake yupo. Fundi hakulalamika. Alivimaliza vyote viwili akifuta mdomo. "Nyinyi Wakurya mnaogopa wakwe kuliko simba," akasema. "Msiache. Chai ya heshima ni tamu."

Nilimwona mama kwenye mizani saa sita, ameshika nguzo, macho yamelegea. Tangu asubuhi hajatia kitu kinywani. Mzee naye alianza kusinzia langoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wakati huo sukari ilikuwa ya mgao. Ilikuja kwa kibali, na kibali kilikuja kikijisikia. Iliyokuwa ikivuka mpaka kutoka upande wa Sirari tusiizungumze. Meneja alikuwa anafungia sukari ya bohari kwenye kabati la fedha. Basi nilimngoja hadi wote waondoke mezani, nikambebea vile vikombe viwili kabla fundi hajavifikia.

"Ndugu meneja, onja."

Akaonja. "Imepoa. Lakini ina sukari."

"Imejaa sukari. Ya kibali. Kila siku vinarudi hivi, viwili hivi. Mkwe na mkamwana. Wanakaa, hawanywi."

Alitazama kikombe, akatazama benchi tupu. Nikaona bei imeanza kushuka, na mtu aliyelelewa mnadani akiona hivyo huanza juu kabisa.

"Naomba meza mbili," nikasema. "Mabirika mawili. Mabenchi manne."

"Meza mbili! Turudi kwa mkoloni?"

"Basi meza moja, mabirika mawili."

"Hapana."

"Meza moja, birika moja, vikombe vile vile. Zamu mbili. Hata mizani na lango havitabaki bila mtu."

Akafikiri. "Zamu nitazipanga mimi. Zitabadilika kila wiki. Mchukuzi, karani, fundi, wote wachanganyike. Wasiokutana ni hao wawili tu." Kisha akaongeza, "Na mimi nitakunywa zamu zote mbili, nisionekane nina upande."

Nikakubali haraka. Nilipofika nje nikapiga hesabu: meneja vikombe viwili kila siku, kimoja zaidi ya zamani. Sukari iliyookolewa ilikuwa nusu ya niliyotegemea. Nikahesabu tena, ikawa nusu ile ile.

Zamu ya kwanza mzee alikaa ameigeukia meza, akanywa, akaomba mhogo, akasimulia habari za mvua hadi chai yake ikapoa kwa sababu halali. Zamu ya pili ilikuwa yetu: mimi, fundi, meneja na wachukuzi watatu. Mama alikaa katikati ya benchi. Alikunywa kikombe kizima bila kupumzika.

Kisha akaanza kuongea. Tangu aajiriwe tulikuwa tumemsikia akitaja kilo tu. Akasema maandazi yanapungua unene. Akasema choo cha wanawake hakipo na yeye si mti. Akasema lile jiwe la mizani la zamani lina pengo, wakulima wa Genkuru wananong'ona juu yake, libadilishwe kabla hawajasema kwa sauti. Meneja alijibu moja, akakuta yamekuja matatu. Chai yake ya pili ilimpoa mkononi.

Tulipoinuka meneja alisimama kidogo, akaniambia, "Huyu nitamthibitisha leo leo."

"Thibitisha, ndugu meneja," fundi akasema huku akichungulia ndani ya birika, "lakini kama ningejua ana maneno hivi, ningekuomba umwache na mkwewe."

"Nimekusikia," mama akasema kutoka kwenye mizani. "Na kesho bado niko zamu yako."