Udongo Uliobaki Nusu Mbichi

Siku ya kwanza kazini nilipewa kiazi. Si jembe, si sare. Kapita, yaani msimamizi wetu, alinitia kiazi kibichi mkononi akasema, "We Hamadi, kiazi hii ndiyo saa yako. Ikiiva, udongo umeiva."

Nilisoma mpaka darasa la nne, na sioni haya kulisema. Kampuni ilikuwa na nyumba za plastiki nyuma ya viwanda, si mbali na bandari ya Bujumbura. Humo tuliotesha vipandikizi, vile vijiti vya maua vinavyokatwa kwa mama yao vikaoteshwa mizizi. Udongo wake ulipikwa kwanza. Pipa la mafuta lilitiwa maji kidogo chini, wavu juu ya maji, udongo juu ya wavu, kisha moto. Kiazi kilifukiwa karibu na uso, pale mvuke unapofika mwisho. Ukikichoma kijiti kikapita bila ubishi, basi kila mdudu amekufa, na kiazi ni cha mpishi. Kapita alipozeeka nikachukua nafasi yake. Hakuna mtu Bujumbura aliyepika udongo kama mimi.

Vita vikaja. Mizigo ikawa haifiki, dawa za kuulia wadudu zikakosekana. Ndipo inzi wadogo weusi wakatuvamia. Inzi mwenyewe hana neno. Mabuu yake ndiyo yanayokula mizizi michanga. Na kupika hakumzuii, kwa maana yeye anangoja udongo upoe ndipo atage. Tulipoteza vipandikizi vya msimu mzima. Direkta, mkuu wa kampuni, akatukusanya, akasema bila kupepesa macho, "Vikioza tena, nafunga kitalu. Nyumba hizi nazifanya depo ya mizigo." Waliofanya kazi kitaluni wengi walikuwa wanawake wa mtaa wa Kinama. Wengine walikuwa wamekimbia nyumba zao, na kazi ile ndiyo iliyobaki mkononi.

Tulikuwa na agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, mama mmoja wa Bukavu, tukimwita Madamu. Aliagiza kwa ndege chupa moja ya utitiri wawindaji: vijidudu vya kahawia, vidogo kuliko punje ya chumvi, vinavyoishi udongoni na kula mabuu. Vilikuja vimechanganywa na pumba. Jumamosi akavimwaga kwenye udongo uliokwisha kupikwa, vizaane kwanza kabla ya kupanda. Alinieleza yote. Mimi naitikia ndiyo, ndiyo, huku mawazo yako kwingine. Mtu wa juzi anifundishe mimi udongo!

Jumatatu nikafunua ule udongo, nikaona vitu vinakimbia. Udongo niliopika kwa mikono yangu, una wadudu! Aibu ilinishika, sikuuliza mtu. Nikapika pipa la kwanza, nikapika la pili. La tatu lilipoanza tu kupata moto, risasi zikalia upande wa kaskazini, tukaamriwa sote kuzima moto na kurudi nyumbani. Nilichukia sana kuliacha nusu.

Kesho yake niliwahi. Kiberiti kiko mkononi, Madamu huyo anaingia, ananiita kwa jina la binti yangu.

"Baba Zuhura, ile udongo ya Jumamosi iko wapi?"

"Gani?"

"Ya bidudu yangu."

Hapo ndipo maneno yake yote yakanirudia. "Nimepika, Madamu."

"Umepika? Umepika askari yangu?"

"Mi nilizania ni uchafu."

"Uchafu ni kichwa yako! Chupa ingine itafika lini na vita hii? Vipandikizi vitangoja? Umepika yote?"

Nikaonyesha pipa la tatu. Nikatumbukiza mkono, nikatoa kiazi, nikakichoma kijiti. Kikagoma. Maishani sijafurahia kiazi kibichi namna ile. Madamu akachota udongo wa juu, akautandaza kwenye sahani nyeupe, akainama na lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia. Mimi nikaanza kusoma dua.

"Biko bizima," akasema. "Angalia, biko natembea." Akacheka mpaka akashika pipa. "Leo mi nashukuru masasi ya jana, Mungu anisamehe."

Tukavilea kwenye mabeseni ya pumba, chini ya magunia yenye unyevu, yasiyochuruzika maji. Ufunguo wa chumba cha mabeseni nilikaa nao mimi. Vilipokuwa vingi tukavitia kila meza, tukapanda, tukangoja.

Siku moja Direkta akaja mwenyewe. Akang'oa kipandikizi. Mizizi ilikuwa myeupe kama uzi wa cherehani. Akakirudisha shimoni, akakishindilia udongo kwa kidole.

"Bon, sawa. Fungeni mlango, munaingiza inzi," akasema, akaenda zake bila kutaja depo.

Wanawake walingoja avuke geti ndipo wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa juu ya ndoo.

Nilifanya kazi pale miaka mingi tena, na kupika udongo sikuacha. Ila nilijua sasa: unapika, unapoza, ndipo unaweka walinzi, na ukishawaweka hugusi moto. Nyinyi vijana mnadhani usafi ni kuua kila kitu. Mimi pia nilidhani hivyo, na ilibaki kidogo nifukuzishe watu kazi.

Siku ya kustaafu akaja agronomu mpya kupokea kitalu, ana diploma yake. Nikamwekea udongo kiganjani. Vijidudu vilipoanza kumtembelea vidoleni akashtuka, akataka kuukung'uta chini. Nikamshika mkono.

"Apana, mukubwa. Hao wako kazini."