Mama Lynn, Ramani ya Mkoa na Daraja la Sagana

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi taa za barabarani mjini Nyeri bado zinawaka, na Wakiuru, mke wa Gathogo, amesimama mbele ya ramani ya uliokuwa Mkoa wa Kati, kitambaa begani, ndoo miguuni.

"Hakuna mtu anajua hii mkoa kama mimi," anasema. "Ma-DC wote wamepita hapa, kila mmoja ilikuwa lazima aniulize mimi."

Anaipangusa Nyandarua, anateremka hadi Murang'a, kisha anacheka peke yake.

"Walikuwa wananiuliza chai iko wapi."

Ramani yenyewe ni kubwa kama kitanda cha futi nne kwa sita. Imetundikwa kwenye ukumbi wa ofisi moja ya serikali tangu enzi za makarani wa kupiga taipu. Kila wilaya ina rangi yake. Upande wa juu, fremu imekata Nanyuki katikati. Kutoka hapa Nanyuki ni safari ya saa moja tu, lakini kwa sababu ilihesabiwa upande wa Bonde la Ufa, jina lake limebaki "Nany".

Chini kabisa, mahali pa Nairobi, mchoraji hakupaka kitu. Mji mkuu haukuwa wa mkoa huu. Mkoa uliuzunguka tu kwa upande wa juu, Kiambu ikiwa imeukumbatia kama leso inavyomkumbatia mtoto mgongoni. Mahali pa mtoto pameachwa peupe.

Mwaka 2013 mkoa ulikwisha na kaunti tano zikachukua nafasi yake. Ramani haikuambiwa. Wakiuru aliendelea kuipangusa.

Ana miaka hamsini na tisa, na mwisho wa mwezi huu anatimiza sitini na kurudisha koti lake la kazi, lile la buluu lenye mfuko uliotatuka. Ameosha sakafu hii tangu 1991. Mshahara wake leo ni shilingi elfu ishirini na tatu. Kwa huo na maziwa ya ng'ombe watatu, yeye na Gathogo wamesomesha watoto watano, wa kwanza akiwa Lynn, ndiyo maana hapa kazini wote wanamwita Mama Lynn.

Lakini watu hawaji ofisini hapa kumwona kwa ajili ya sakafu.

Saa mbili kamili anaingia mzee Kihara, kofia mkononi, viatu vimejaa matope mekundu. Anatafuta barua ya chifu. Wiki hii amezungushwa ofisi tatu, kila moja ikimwambia yeye si wa pale. Karani wa mapokezi hainui hata kichwa. Ananyoosha kalamu kuelekea kwenye ndoo.

"Muulize huyo mama."

Wakiuru anafuta mikono. Hamuulizi mzee jina la kata yake. Majina ya kata, anasema, hubadilika kila uchaguzi ukikaribia. Huuliza mambo matatu ambayo hayabadiliki.

"Baba, juu kwenu ni mlima gani?"

"Si ni hii milima ya Nyandarua."

"Ukienda soko unavuka mto?"

"Sivuki. Gura naiacha nyuma yangu."

"Na chifu akiita baraza, unapanda ama unateremka?"

"Siku hizi nateremka. Zamani nilikuwa napanda."

"Ahaa! Basi walikukata. Kata ndogo yenu iligawanywa, wewe ukabaki upande wa chini. Ofisi yako iko Othaya, nyuma ya soko. Umepita hapo asubuhi ukikuja huku."

Mzee Kihara anavaa kofia, anaivua tena. "Ati nimepita hapo?"

"Umepita, baba. Hata pengine walikuona."

Swali la kwanza ndilo gumu, na wageni wengi kutoka mbali hulikosea. Mtu wa Othaya akisema "juu" anamaanisha kuelekea Nyandarua, machweo. Mtu wa Karatina akisema "juu" anamaanisha Mlima Kenya, mawio. Maafisa wapya wameandika barua nyingi za "upande wa juu" zikaishia kwenye mlima mwingine. Wakiuru hajapotea hata mara moja. Kwa miaka thelathini na nne kila aliyepita hapa amemwachia kitu: mto, daraja, kanisa, kona mbaya, soko la Jumanne. Ameyapanga yote kichwani kama vikombe kabatini.

Ukimuuliza ameyajuaje, ana jibu moja, na ofisi nzima inalijua kwa moyo.

"Nilizunguka na sensa. Mwaka wa themanini na tisa. Nilikuwa nabeba makaratasi ya mkubwa wetu, tukatembea mkoa yote, mpaka kule kwa mpaka wa Nairobi."

Hapa ndipo inabidi tuseme ukweli, na mwenyewe ameruhusu usemwe, mradi gazeti litoke akiwa ameshastaafu. Sensa ya 1989 haikumwajiri Wakiuru. Ilimhesabu. Ilimkuta nyumbani kwake akimenya viazi, ikamwandika, ikaenda zake.

Hajawahi kuvuka daraja la Sagana, kwenye barabara ya kwenda Nairobi.

"Nilidanganya mwezi wa kwanza wa kazi," anasema, akiwa amekaa kwenye ngazi za nyuma na kikombe cha chai, mbali na masikio ya watu. "Mkubwa alinipata nimesimama hapo kwa ramani, kazi imelala. Akaniuliza kwa ukali, wewe unaangalia nini? Nikasema naangalia pahali nilitembea na sensa. Imenitoka tu, kama kupiga chafya. Akaenda zake. Kesho yake akaniletea mtu amepotea, akasema, msaidie, wewe unajua huko."

Anapuliza chai ambayo imeshapoa.

"Wewe ungefanya nini? Nilikuwa mtu wa ndoo. Nikawa mtu wa ramani."

Kwa nini hakusafiri baadaye, akauponya uongo wake? Hapo analaumu ng'ombe. Yule mkubwa wa zizini, Ndama Mweusi, kama mama yake kabla yake, hakubali mkono mwingine. Akiguswa na mtu asiyemjua anafunga maziwa siku mbili. Ada za shule zilitoka humo. Basi Wakiuru alikamua asubuhi, akakamua jioni, na katikati akapangusa mahali ambapo angetaka kwenda.

"Mwea mimi naota," anasema. "Naambiwa ni bapa kama meza. Mimi sijaona ardhi bapa hata siku moja. Huku kwetu hata choo unajenga ukishikilia. Na ile sehemu nyeupe, ya Nairobi. Nataka nisimame pale rangi inaisha. Nione kama kuna kitu, ama ni watu tu walichora."

Mambo yangeishia kwenye ndoto, kama si kamati.

Ofisi hii ina desturi. Anayestaafu hukusanyiwa mchango, kisha huchagua mwenyewe: kitu cha nyumbani au safari ya gari la kukodi na wenzake. Kamati huandika chaguo lake Ijumaa na hilo halibadilishwi tena. Mlinzi aliyestaafu mwaka jana alichagua safari.

Jumatatu Bi. Murugi, afisa anayeongoza kamati, alimwita mezani kwake.

"Mama Lynn, tulikuwa tumefikiria tukuzungushe mkoa wote. Siku tatu. Nyandarua, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu, tukupige picha kwa mpaka wa Nairobi."

Wakiuru anasema aliiweka ndoo chini.

"Halafu tukakumbuka," Bi. Murugi akaendelea, "wewe huko kote ulishatembea. Itakuwa kama kukupeleka jikoni kwako. Kwa hivyo tukaona tangi la maji, lita elfu tano. Ama unaonaje?"

Ungemsikia Wakiuru akisimulia alivyojibu, ungemshika mkono.

"Nikasema tangi ni mzuri. Ningesema nini?"

Ijumaa tangi litaandikwa. Basi.

Jumatano, tarishi aliyekuwa apeleke masanduku manne ya faili Ruiru, karibu na mpaka wa Nairobi, anaamka na homa. Bi. Murugi anatoka ofisini, anatazama ukumbi, macho yanatua kwenye ndoo.

"Mama Lynn aende. Yeye anajua huko."

Nyumbani kwa Gathogo alfajiri ya Alhamisi kuna kazi ya pekee. Mzee anavalishwa leso ya mkewe, kilemba cha mkewe, na sweta lake la kukamulia lenye harufu ya zizi. Anaambiwa asikohoe, kwa maana Ndama Mweusi anakijua kikohozi chake.

"Na akiniuliza?" Gathogo anauliza, akijitazama.

"Mwambie nimeenda sensa," Wakiuru anasema, na anaondoka mbio kabla hajabadili nia.

Pikapu ya ofisi inaendeshwa na Harun, Baba Safa kwa wenzake, mzaliwa wa Majengo hapa mjini, dereva kwa miaka kumi na minane sasa, mtu wa maneno machache na kioo safi. Wakiuru anakaa mbele, mkoba magotini. Mwandishi wa gazeti hili amebanwa nyuma pamoja na faili.

Hadi Karatina anazungumza bila kupumua. Anataja kila mto kabla haujaonekana, na kila mto unatokea pale aliposema.

"Mashallah, Mama Lynn," Harun anasema. "Kama umeichora wewe."

Wanapokaribia Sagana anaacha kutaja mito, anasogea dirishani. Daraja linakuja, maji ya kahawia chini yake, halafu daraja limekwisha, kama mlango wa kawaida tu. Wakiuru amegeuka kulitazama nyuma. Vidole vyake vimekamata mkanda wa mkoba.

"Pamebadilika sana," anasema.

Baada ya hapo milima inaanza kuwaachia. Ardhi inafunguka upande wa kushoto, pana, ya kijivu na kijani, mpaka macho yanakosa mahali pa kushika. Upepo wa joto unaingia dirishani. Wakiuru anavua sweta. Anatazama nchi ile bapa mdomo ukiwa wazi kidogo, kama mtu anayesikiliza akiitwa kutoka mbali.

"Mama Lynn, kwema?"

"Kwema. Ni vumbi tu." Anapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. Hata leo amekibeba. "Pamebadilika sana."

Makutano, pamebadilika sana. Makuyu vilevile. Harun anamtazama kwa pembeni, anarudisha macho barabarani.

Kenol wanasimama kutia mafuta. Ni mji wa njia panda, malori yamepanga foleni, wauza ndizi wanagonga vioo, kila mtu anakwenda mahali pengine. Harun anazima injini. Anaegemeza kiwiko dirishani na kuonyesha kona ya barabara, penye kibanda cha kuziba pancha.

"Mama Lynn, lile kanisa la mawe lililokuwa hapo kwenye kona, walilibomoa lini? Mimi nilikuwa mtoto, silikumbuki vizuri."

Wakiuru anainama kuangalia kona. Anachukua muda wake.

"Aaa, lile kanisa," anasema taratibu. "Walibomoa wakipanua barabara. Tuliingia hapo Jumapili na watu wa sensa. Lilikuwa na kengele, wewe! Ikilia, unaisikia mpaka Makuyu."

"Kengele?"

"Kubwa. Na padre mmoja mfupi. Alitupatia ndizi."

Harun anaitikia kwa kichwa, polepole, kwa heshima. Anamlipa kijana wa mafuta. Anafunga mfuko wa shati.

"Mama Lynn."

"Eeh, Baba Safa."

"Hapo hapajawahi kuwa na kanisa. Nimelijenga mimi sasa hivi, tulipokuwa tukitiwa mafuta."

Muuza ndizi anagonga kioo, anaona nyuso zilizomo ndani, anaondoka. Wakiuru ameketi wima kama yuko mbele ya mkubwa. Kitambaa kimekunjwa magotini mara mbili, mara nne, mara nane.

"Umejua tangu lini?" anauliza mwishowe.

"Pale darajani. Mtu aliyewahi kuvuka daraja haligeukii nyuma hivyo." Harun anawasha injini lakini hagusi gia. "Mimi simwambii mtu. Ila kamati inakaa kesho, na Bi. Murugi ataniuliza safari ilikuwaje. Nimwambie lile tangi ni sawa?"

Wakiuru anatazama kibanda cha pancha. Anatazama mbele, ambako barabara inashuka kuelekea Thika, na Ruiru, na mahali pale peupe. Anarudisha macho kwenye kona.

"Mwambie tangi akae nayo," anasema. "Mwambie nataka siku tatu, nirudi nitafute ile kengele walipeleka wapi."